Mwanachama, Mkopeshaji na Mlipakodi: Utawala wa Klabu ya Kaunti ya Kriketi Nchini Uingereza na Funzo Lake kwa Klabu ya Halmashauri Jijini Dodoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna klabu za kaunti za kriketi nchini Uingereza zinavyomilikiwa, zinavyogharimiwa na zinavyoongozwa, kisha inatumia ufafanuzi huo kuchunguza aina mojawapo ya klabu iliyozoeleka Tanzania Bara, yaani klabu ya mpira wa miguu inayomilikiwa na halmashauri. Mfano unaochunguzwa ni Dodoma Jiji FC, klabu ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma, na mkazi wa Kata ya Ipagala anachukuliwa kuwa kipimo cha mmiliki wa kawaida. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya mifumo hii miwili haiko katika wingi wa fedha pekee. Iko katika swali la nani mwenye haki ya kuuliza, anauliza lini, na jibu linatoka wapi. Makala inaonesha kuwa halmashauri za Uingereza zimehusika na klabu za kaunti kama wakopeshaji, ilhali halmashauri za Tanzania zimehusika kama wamiliki, na kwamba mmiliki anahitaji zana za uwajibikaji ambazo mkopeshaji hazihitaji. Mapendekezo matatu yanatolewa kuhusu utengaji wa hesabu, ukomo wa ruzuku na uwakilishi wa wakazi.

Istilahi muhimu: utawala wa klabu, uanachama, halmashauri, kriketi, Dodoma Jiji FC, uwajibikaji.

1.0 Utangulizi

Kata ya Ipagala ni mojawapo ya kata 41 za Jiji la Dodoma. Mkazi wake anayelipia leseni ya biashara, ushuru wa soko au kiwanja kilichopimwa anachangia mfuko wa mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri hiyo ndiyo mmiliki wa Dodoma Jiji FC, klabu iliyopanda Ligi Kuu na kuanza kuicheza katika msimu wa 2020/21. Kwa maana hiyo mkazi wa Ipagala ni mmiliki wa klabu ya Ligi Kuu. Hata hivyo umiliki wake haupiti katika kadi ya uanachama, bali katika daftari la wapigakura. Hahudhurii mkutano mkuu wa klabu, hachagui mwenyekiti wake, wala hapokei taarifa yake ya mwaka mkononi. Mchango wake hauna kikomo kilichotajwa, na sauti yake haina mlango uliotajwa.

Hali hiyo si ya Dodoma peke yake. Kinondoni ina KMC, Mbeya imekuwa na Mbeya City iliyopanda mwaka 2013 na kumaliza nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza, na Mwanza ina Pamba Jiji. Mjadala wa kitaifa kuhusu umiliki wa klabu, hata hivyo, umejikita katika Simba na Yanga, ambazo ni klabu za wanachama. Klabu za halmashauri zimeachwa pembeni ingawa ndizo zinazotumia fedha za umma moja kwa moja.

Ili kuliona tatizo hili vizuri, inafaa kulilinganisha na mahali ambapo jina la eneo la utawala na jina la klabu vimeambatana kwa muda mrefu. Klabu za kaunti za kriketi nchini Uingereza hubeba majina ya kaunti, huchota wapenzi wake humo, na kwa nyakati kadhaa zimeokolewa na halmashauri za humo. Lakini kwa kawaida si mali ya halmashauri. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi unaongozwa na nadharia mbili. Ya kwanza ni ya Albert Hirschman, aliyoiwasilisha mwaka 1970, inayosema kuwa mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili za kuisukuma: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti. Utiifu wake kwa taasisi huamua ni njia ipi atakayoitumia. Katika biashara ya kawaida mteja huondoka. Katika michezo njia hiyo ni finyu, kwa kuwa mpenzi wa timu habadilishi timu kama anayebadilisha duka. Kwa hiyo ubora wa utawala wa klabu hutegemea zaidi ubora wa mlango wa sauti.

Ya pili ni ya Henry Hansmann, ambaye katika kazi yake ya mwaka 1996 kuhusu umiliki wa mashirika anabainisha kuwa umiliki ni muungano wa haki mbili: haki ya kudhibiti na haki ya kupata masalio ya mapato baada ya gharama. Katika klabu nyingi za michezo masalio hayapo, kwani kila shilingi inayobaki huingizwa katika usajili wa wachezaji. Haki inayobaki na uzito ni ile ya kudhibiti. Mmiliki asiye na udhibiti wala masalio ana jina la mmiliki tu.

3.0 Klabu ya Kaunti ya Kriketi

3.1 Mwanachama na kura yake

Kuna klabu 18 za kaunti zinazoshiriki mashindano ya daraja la juu nchini Uingereza na Wales. Kongwe kuliko zote ni Sussex, iliyoundwa mwaka 1839. Mashindano rasmi ya kaunti yalianza mwaka 1890. Glamorgan ya Wales ilijiunga mwaka 1921 na Durham mwaka 1992. Nyingi kati ya hizo ni jumuiya za wanachama zilizosajiliwa chini ya sheria inayosimamia vyama vya ushirika na jumuiya za manufaa ya jamii, ambayo toleo lake la sasa ni la mwaka 2014. Kanuni yake ya msingi ni kura moja kwa kila mwanachama, bila kujali ukubwa wa mchango wake.

Mwanachama hulipa ada ya mwaka. Kwa ada hiyo anapata vitu viwili vya asili tofauti. Kwanza, anapata kiti uwanjani. Hapo ni mteja. Pili, anapata haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, kupokea hesabu zilizokaguliwa, kuwapigia kura wajumbe wa bodi au kamati, na kuitisha mkutano maalumu iwapo idadi iliyowekwa na katiba itatimia. Hapo ni mmiliki. Uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa mtendaji mkuu aliyeajiriwa, anayewajibika kwa bodi, nayo bodi inawajibika kwa mkutano mkuu. Mnyororo ni mfupi, na kila pingu yake inajulikana.

Nguvu ya mnyororo huo ilidhihirika mwaka 2022. Jopo lililoongozwa na Andrew Strauss, nahodha wa zamani wa Uingereza, lilipendekeza kupunguza mechi za ligi ya kaunti kutoka 14 hadi 10 kwa kila klabu. Mabadiliko ya aina hiyo yalihitaji kuungwa mkono na klabu 12 kati ya 18. Wanachama wa klabu kadhaa waliwabana viongozi wao wasipige kura bila kuwasikiliza, na mpango huo haukupita. Mtu anaweza kusema wanachama walizuia mageuzi yaliyohitajika, na upande huo una hoja. Lakini kwa mtazamo wa utawala jambo la msingi ni kwamba viongozi walijua ni nani wa kuwauliza, na walijua wataulizwa.

3.2 Chama cha kitaifa na mkoba wake

Sauti ya mwanachama ina mpaka. Klabu nyingi za kaunti haziwezi kujiendesha kwa ada na viingilio pekee. Hutegemea mgao wa Bodi ya Kriketi ya Uingereza na Wales, ambao chimbuko lake kubwa ni haki za matangazo ya televisheni. Anayetoa mgao huweka masharti.

Durham ni mfano ulio wazi. Klabu hiyo, iliyojenga uwanja mkubwa kwa matumaini ya kuandaa mechi za kimataifa, ilielemewa na madeni. Mwaka 2016 Bodi iliipa msaada wa pauni milioni 3.8. Pamoja na msaada huo ilishushwa daraja, ikapunguziwa alama 48 kabla ya msimu wa 2017 kuanza, na ikaondolewa haki ya kuandaa mechi za Test. Wachezaji waliokuwa wamebaki katika daraja la kwanza kwa jasho lao walishuka kwa makosa ya vitabu vya hesabu. Usemi wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unaweza kuongezwa hapa: hata ushindi bila daftari hupotea.

3.3 Halmashauri kama mkopeshaji

Jambo linalogusa moja kwa moja hoja ya makala hii ni nafasi ya serikali za mitaa. Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilikopesha klabu ya Warwickshire pauni milioni 20 kwa ajili ya kuujenga upya uwanja wa Edgbaston, kazi iliyokamilika mwaka 2011. Halmashauri ya Jiji la Cardiff iliidai Glamorgan, na mwaka 2015 ilikubali, pamoja na wadai wengine, kufuta sehemu kubwa ya deni hilo. Halmashauri ya Kaunti ya Durham ilikuwa mdai wa Durham, nayo iligeuza deni lake kuwa hisa wakati klabu ilipopangwa upya kuwa kampuni ya maslahi ya jamii.

Mifano hii mitatu haioneshi kuwa mkopo wa umma ni salama. Cardiff ilipoteza fedha. Inaonesha jambo jingine: katika kila mfano kiasi kilijulikana. Mkataba wa mkopo una jumla, riba, muda na dhamana. Diwani aliyepinga aliweza kutaja tarakimu anayoipinga, na mlipakodi aliposoma kuwa deni limefutwa aliweza kujua amepoteza kiasi gani. Mkopeshaji anaujua ukubwa wa hatari yake siku anayosaini. Mmiliki anayegharimia klabu mwaka baada ya mwaka huujua pale tu anapojumlisha miaka yote, tena ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kujumlisha.

3.4 Kutoka uanachama kwenda hisa

Si klabu zote zimebaki za wanachama. Hampshire ilijigeuza kuwa kampuni mwaka 2001 chini ya uongozi wa Rod Bransgrove baada ya kukaribia kufilisika, na mwaka 2024 kampuni ya GMR ya India ilikubaliana kuinunua. Durham na Northamptonshire nazo si za wanachama tena. Aidha, mwaka 2025 Bodi iliuza hisa katika timu nane za shindano fupi la The Hundred lililoanza mwaka 2021. Mpango wa awali uliipa kila klabu mwenyeji asilimia 51, na asilimia 49 zikauzwa kwa wawekezaji. Surrey ilibaki na asilimia zake 51. Yorkshire iliuza zote. Uwiano huo wa 51 kwa 49 hauwezi kumpita msomaji wa Tanzania bila kumkumbusha jambo la nyumbani.

4.0 Umiliki wa Klabu Afrika Mashariki

Kriketi yenyewe ina historia katika eneo hili, ingawa haikuzaa klabu za maeneo ya utawala. Ilikuzwa na watumishi wa kikoloni kupitia klabu za Gymkhana, kisha na jumuiya za Waasia walioishi mijini. Timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza nchini Uingereza mwaka 1975 ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003, lakini miaka miwili baadaye chama chake kilichokuwa kimegubikwa na migogoro ya fedha na malipo ya wachezaji kiliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Cricket Kenya. Mafanikio ya uwanjani hayakuuzuia utawala kuporomoka; yaliuchelewesha tu kuonekana.

Katika mpira wa miguu wa Tanzania kuna aina nne za umiliki. Kuna klabu za wanachama, ambazo vielelezo vyake ni Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Kuna klabu za kampuni, kama Azam na Mtibwa Sugar. Kuna klabu za majeshi, kama Tanzania Prisons na JKT Tanzania. Na kuna klabu za halmashauri. Zote husajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Na. 12 ya mwaka 1967, iliyorekebishwa mwaka 1971, na kanuni zake.

Mageuzi makubwa ya hivi karibuni yamezihusu klabu za wanachama. Desemba 2017 mkutano wa wanachama wa Simba ulimpitisha Mohamed Dewji kuwa mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Serikali iliweka msimamo kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asivuke asilimia 49. Mantiki ya kanuni hiyo ni kumlinda mwanachama aliyeijenga klabu kwa ada ndogo ndogo kwa miongo mingi. Lakini kanuni hiyo haina la kusema kuhusu klabu ambayo haikuwahi kuwa na mwanachama.

5.0 Klabu ya Halmashauri: Mfano wa Dodoma

5.1 Mmiliki na mamlaka yake

Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoanzishwa mwaka 1973 ilikuwa imevunjwa na majukumu yake, pamoja na ardhi yake, yakahamishiwa halmashauri. Kuhamia kwa Serikali Dodoma kuliongeza mahitaji ya viwanja, na mapato ya ndani ya halmashauri yakakua sana. Halmashauri yenye uwezo huo inaweza kubeba klabu ya Ligi Kuu kwa namna ambayo halmashauri ya wilaya ya vijijini haiwezi.

Hata hivyo, asili ya mapato hayo inastahili kuangaliwa. Kiwanja huuzwa mara moja. Mshahara wa mchezaji hulipwa kila mwezi. Pale gharama ya kudumu inapoegemea mapato yasiyo ya kudumu, klabu inakuwa imara kwa muda ule tu ambao ardhi bado inapimwa. Durham ilijenga mustakabali wake juu ya mechi za kimataifa zilizotarajiwa. Klabu ya halmashauri inaweza kujikuta imejenga wake juu ya viwanja vilivyokwisha kuuzwa.

Kisheria halmashauri ya jiji huendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Chombo chake cha juu ni Baraza la Madiwani, likiongozwa na Meya anayechaguliwa na madiwani wenyewe. Mtendaji wake ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye huteuliwa na Rais. Hapa ndipo tofauti ya kwanza na klabu ya kaunti inapojitokeza. Mtendaji wa klabu ya kaunti huajiriwa na kuondolewa na bodi ya klabu. Mkurugenzi, ambaye ndiye mlango wa fedha kwa klabu ya halmashauri, huja na kuondoka kwa sababu zisizohusiana na klabu. Uhamisho mmoja unaweza kubadili kiwango cha mapenzi ya ofisi kwa timu, na klabu isiyo na utaratibu ulioandikwa haina cha kuegemea isipokuwa mapenzi hayo.

5.2 Kalenda mbili

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Bajeti yake hupitia kamati za kudumu, Baraza la Madiwani, mkoa na wizara inayoshughulikia serikali za mitaa, kisha hujumuishwa katika bajeti inayopitishwa na Bunge. Matayarisho hayo huanza miezi kadhaa kabla ya Julai, wakati ligi bado inaendelea na hakuna ajuaye kama timu itabaki, itashuka au itashiriki mashindano ya Afrika.

Dirisha la usajili, kwa upande wake, hufunguliwa msimu unapokwisha, yaani mwanzoni kabisa mwa mwaka wa fedha, wakati makusanyo ya mwaka mpya ndiyo kwanza yanaanza. Mchezaji anayetakiwa na klabu tatu hawezi kusubiri kikao. Klabu ya kampuni humsajili kwa simu moja ya mmiliki. Klabu ya halmashauri inapaswa kufuata taratibu za matumizi ya fedha za umma, au itafute njia ya mkato ambayo mkaguzi ataiandika baadaye kuwa hoja. Kila njia ina gharama yake: ya kwanza hulipwa uwanjani, ya pili hulipwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

5.3 Ni nani mwajiri?

Ajira katika halmashauri huhitaji kibali na hufuata masharti ya utumishi wa umma. Mchezaji hawezi kuajiriwa hivyo; mkataba wake ni wa muda maalumu, hulindwa na kanuni za uhamisho za FIFA, na thamani yake hupanda na kushuka kwa mwezi. Kwa hiyo ni lazima awepo mwajiri mwingine, ambaye ni klabu iliyosajiliwa kama chombo kinachojitegemea. Hapo huzuka swali la dhima. Mchezaji akidai malipo na kushinda shauri, hukumu inaielekea klabu. Lakini klabu isiyo na mali yake hulipa kwa fedha za halmashauri. Ukuta wa kisheria kati ya klabu na mmiliki upo katika karatasi, lakini fedha hupita chini yake.

Masharti ya leseni za klabu yanayotokana na Shirikisho la Soka Afrika hugusa maeneo matano: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Masharti hayo yanaitaka klabu iwe na hesabu zake. Hesabu za klabu zikisomeka peke yake, swali la dhima hujibika. Zikiwa ni kifungu ndani ya hesabu za halmashauri, halijibiki.

5.4 Uwanja na siku ya mapato

Dodoma Jiji FC imezoeleka kucheza katika Uwanja wa Jamhuri, ambao si mali ya halmashauri bali ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Katika klabu za kaunti uwanja ndio chanzo cha mapato ya kumbi, maegesho, vyakula na matamasha katika siku zisizo na mchezo. Surrey inapangisha The Oval kwa miaka mingi kutoka kwa milki ya kifalme, lakini upangaji wake ni wa muda mrefu kiasi cha kuiwezesha kuwekeza. Klabu inayotumia uwanja kwa siku ya mchezo tu hubaki na mapato ya mlangoni.

Mapato hayo nayo hayana mlinganyo. Siku ya Simba au Yanga uwanja hujaa, na sehemu kubwa ya waliokaa majukwaani ni wakazi wa Dodoma wanaoishangilia timu ngeni. Mkazi wa Ipagala anaweza kuwa mmiliki wa Dodoma Jiji kwa kodi yake, mwanachama wa Yanga kwa kadi yake, na mshangiliaji wa Yanga kwa sauti yake, yote kwa alasiri moja. Kwa lugha ya Hirschman, amekwisha kuondoka kama mpenzi ilhali hawezi kuondoka kama mlipakodi. Mkataba wa matangazo wa mwaka 2021 kati ya TFF na Azam Media, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umepunguza pengo kwa klabu zote za Ligi Kuu, lakini kama ilivyo kwa Bodi ya kriketi, mkoba huo hufungwa mara timu inaposhuka daraja. Mbeya City, iliyoshuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23, ni ushahidi kwamba klabu ya halmashauri haina kinga.

5.5 Sauti ya mkazi wa Ipagala

Je, mkazi huyo hana sauti kabisa? Anayo. Diwani wa kata yake ni mjumbe wa baraza linalopitisha bajeti. Vikao vya baraza hufanyika kila robo mwaka na ni vya wazi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka na taarifa yake huwekwa hadharani. Kwa wingi wa vyombo, mlipakodi wa Dodoma analindwa na taasisi nyingi kuliko mwanachama wa Sussex.

Udhaifu uko katika namna sauti hiyo ilivyofungwa. Diwani huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, kwa kura moja inayobeba barabara za mtaa, zahanati, madawati, mitaro ya maji ya mvua na taka. Hakuna mpigakura wa Ipagala anayeweza kusema kwa kura hiyo: barabara ndiyo, klabu hapana. Fedha ya klabu inashindana na mahitaji hayo yote, pamoja na asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria inaielekeza katika mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini ushindani huo hauonekani popote kama swali moja linaloweza kujibiwa. Mwanachama wa klabu ya kaunti ana chombo kimoja tu, mkutano mkuu, lakini chombo hicho kinahusu jambo moja tu. Upungufu wa mlipakodi haumo katika idadi ya vyombo, umo katika ulengwa wake.

6.0 Mjadala na Mapendekezo

Kuna jibu rahisi ambalo makala hii hailikubali, nalo ni kwamba halmashauri ziachane na mpira. Klabu ya Ligi Kuu hutoa ajira kwa vijana, huleta wageni katika nyumba za kulala na migahawa, na huipa miji inayojengwa na watu waliotoka kila pembe ya nchi kitu kimoja cha kukishangilia pamoja. Dodoma ni mji wa aina hiyo. Wenyeji wa asili, wafanyabiashara na watumishi waliohamia karibuni hawana historia moja. Timu inaweza kuwa mwanzo wa historia hiyo. Manufaa hayo ni ya umma, na si kosa fedha ya umma kuyagharimia. Kosa ni kuyagharimia bila kipimo.

Pendekezo la kwanza ni hesabu zinazojitegemea. Klabu itoe taarifa ya fedha ya kila mwaka inayoonesha peke yake ruzuku ya halmashauri, mgao wa matangazo, viingilio, wadhamini, mishahara na madeni, na taarifa hiyo isomwe katika kikao cha wazi cha baraza.

Pendekezo la pili ni kuibadili ruzuku ichukue sura ya mkopo hata kama si mkopo. Kama Birmingham ilivyotaja kiasi chake siku ya kusaini, Baraza la Madiwani lipitishe mara moja kiasi cha juu kwa misimu mitatu, pamoja na ratiba ya kukipunguza kadiri mapato ya klabu yanavyokua. Nyongeza yoyote iombwe kwa azimio jipya. Hivyo diwani anayepinga atakuwa na tarakimu ya kupinga, na anayeunga mkono atakuwa na tarakimu ya kutetea.

Pendekezo la tatu ni kuwaingiza wakazi ndani ya klabu. Katiba ya klabu inaweza kuanzisha uanachama wa ada ndogo kwa wakazi wa kata zote 41, wenye haki ya kuchagua sehemu ya bodi na kuuliza maswali katika mkutano wa mwaka, huku halmashauri ikibaki na wajumbe wengi maadamu ndiyo inayogharimia. Hapo kanuni ya asilimia 51, iliyotungwa kwa ajili ya kumlinda mwanachama dhidi ya tajiri, itapata maana hata katika klabu ya halmashauri: siku halmashauri itakapotaka kumwingiza mwekezaji, atakuwepo mwanachama wa kulindwa. Bila hivyo, kitakachouzwa ni mali ya watu wengi kwa uamuzi wa kikao kimoja.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kuwa wanachama wameleta migogoro katika klabu kubwa nchini, na kwamba klabu ya halmashauri imesalimika kwa kutokuwa nao. Ni kweli mikutano ya wanachama huwa na kelele. Lakini katika utawala kelele ya mkutano mkuu ni taarifa inayofika mapema. Katika klabu isiyo na mkutano taarifa hufika kwa njia mbili pekee: timu inaposhuka daraja, au mkaguzi anapoandika.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa klabu ya kaunti ya kriketi na klabu ya halmashauri ya mpira wa miguu zinafanana katika jina la eneo, katika utegemezi wa mgao wa matangazo na katika hatari ya madeni. Zinatofautiana katika mahali mmiliki anaposimama. Mwanachama wa Sussex husimama ndani ya klabu. Halmashauri ya Cardiff ilisimama nje yake ikiwa na mkataba mkononi. Mkazi wa Ipagala husimama nje pia, bila mkataba, ilhali yeye ndiye anayelipa.

Kwa watafiti, eneo lililo wazi kwa uchunguzi zaidi ni ulinganisho wa hesabu za klabu za halmashauri za Tanzania kwa misimu mfululizo, ukihusisha gharama kwa kila alama inayopatikana uwanjani na aina ya mapato yanayoigharimia. Kwa watunga sera, swali la kuanzia ni dogo zaidi na linaweza kuulizwa katika kikao chochote cha robo mwaka na diwani wa kata yoyote: klabu imegharimu kiasi gani tangu ilipoanza? Halmashauri itakayoweza kulijibu swali hilo papo hapo itakuwa imekwisha kupiga nusu ya safari ya utawala bora.